Mlango mpya, ukuta mbovu: kurudishia lipu ya nje pembeni mwa fremu

Huku kwetu Mtwara milango hubadilishwa kwa kalenda ya korosho. Minada ikishaanza kupita na malipo yakaingia, maseremala hawashikiki. Kila mtu anataka ule mlango wa mbao laini uliopinda utoke, uingie wa mninga au wa mkongo, na wengine wanataka wa chuma kabisa. Seremala anafika asubuhi, anang'oa fremu ya zamani kwa mtaimbo, anasimamisha mpya, anabandika udongo wa saruji (mchanganyiko wa saruji na mchanga) huku na huku, jioni anachukua chake. Asubuhi mwenye nyumba anautazama mlango wake unang'aa, halafu anaona ukuta: tofali ziko wazi pande zote tatu, na kipande cha lipu ya zamani kinaning'inia juu ya linta, ile boriti ya juu ya mlango, kama jino la mtoto. Desemba imeshabisha hodi, na mvua nayo.

Hapo ndipo sisi waashi tunapoitwa, na tunaitwa kwa haraka. Lakini kazi hii mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya mwenyewe. Ni siku mbili tatu za mwiko na wiki moja ya kumwagilia maji. Nitaieleza kama ninavyoifanya, pamoja na makosa niliyoyakuta kwenye kuta za watu, na mengine niliyoyafanya mimi.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili. Lipu ya pembeni mwa mlango ni mara chache kufa kwa sababu saruji ilikuwa kidogo. Hufa kwa sababu nyuma yake kuna tundu, au kwa sababu imegandamizwa moja kwa moja kwenye mbao. Mbao hunywa unyevu masika ikavimba, kiangazi ikasinyaa. Saruji haifanyi hivyo. Ukiviunganisha viwili hivyo kama ndugu wa tumbo moja, mwaka hauishi utaona ufa mwembamba unashuka sambamba na mwimo, na maji yanaufuata.

Mwaka juzi niliitwa nyumba moja Magomeni. Mama mwenye nyumba aliniambia, "Fundi, hii lipu ni mara ya tatu. Kila fundi anaongeza saruji." Niligonga kwa kitako cha mwiko, ikalia kama debe tupu. Nikachonga kidogo, nikaingiza vidole, nikavuta karatasi. Ilikuwa mfuko wa saruji, mzima, umekunjwa na kusokomezwa kwenye nafasi kati ya fremu na tofali ili udongo usiliwe sana. Mchwa walikwisha kuuona zamani. Njia yao ilitoka kwenye karatasi ikaingia moja kwa moja kwenye mwimo wa mninga. Mlango ulikuwa na miezi minane. Lipu zile mbili za juu zilikuwa nzuri tu, ila zilipigwa juu ya karatasi.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata kilo moja ya saruji, gonga.

Jua ukuta wako ni wa nini

Nyumba nyingi za mjini, Chikongola, Ligula, Chuno, ni tofali za saruji. Huko mchanganyiko wa saruji na mchanga unafaa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili ya kuta hizo. Tofali za kuchoma nazo ni hivyohivyo, ila zinakunywa maji sana, kwa hiyo kulowesha kunahitaji subira zaidi.

Kama ni nyumba ya miti na udongo, usipige saruji. Udongo unacheza na saruji haichezi, kwa hiyo itabanduka ganda zima. Kandika kwa udongo uliochanganywa na mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, basi.

Kama ni ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe, kama zile nyumba za Mikindani na baadhi ya nyumba kongwe za Lindi mjini, weka saruji pembeni kwanza. Nitaufikia huko chini.

Mchanga, maji, saruji

Saruji si tatizo huku. Tangu kiwanda cha Dangote kianze mwaka 2015 mfuko unatoka karibu. Kwa kazi ya lipu, saruji ya daraja la 32.5 inatosha, huna haja ya 42.5. Angalia tu mfuko usiwe umekaa sakafuni dukani masika yote. Ponda ponda pembe zake: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, mwachie mwenye duka.

Tatizo letu ni mchanga. Bahari iko karibu, mchanga wa ufukweni ni bure na ni mweupe unapendeza macho, na mwenye punda atakuletea bila kukuambia kautoa wapi. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliupokea mmoja wa hivyo bila kuuliza. Lipu ilitoka safi. Miezi miwili baadaye ukuta ukaota unga mweupe kama umepakwa wanga, rangi ikavimba malengelenge, nikarudi kuibomoa kwa gharama yangu. Chumvi huvuta unyevu hewani, ikipata jua inatoka nje na kusukuma kila kilicho mbele yake. Kwenye fremu ya chuma ni balaa zaidi, maana inaamsha kutu.

Tumia mchanga wa mto au wa machimbo ya bara. Uonje kwa ncha ya ulimi. Usione aibu, mafundi wote wazima huonja. Kisha upime udongo: chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza mchanga hadi karibu nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, iache imesimama saa tatu nne. Mchanga utakaa chini, tope laini litakaa juu yake kama krimu. Tope likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, uoshe au tafuta mwingine. Halafu uchekeche kwa chekeche la mbu kwa ajili ya tabaka la mwisho. Tabaka la kwanza linataka mchanga wenye chembe kubwa kidogo.

Maji nayo. Visima vifupi vya karibu na pwani vingi vina chumvi. Nawa mikono kwa sabuni: sabuni ikikataa kutoa povu, maji hayo usichanganyie wala usimwagilie lipu. Tumia ya bomba au ya mvua.

Kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mlango wa kawaida wenye uwazi wa sentimita 90 kwa 210 una mita tano na ushee za kuzunguka, miimo miwili na juu. Ukichonga upana wa sentimita 15 pande zote, lipu ya unene wa milimita 20 pamoja na kujaza nafasi nyuma ya fremu, utahitaji takriban ndoo mbili za lita 20 za mchanga na kilo kumi za saruji. Yaani robo ya mfuko inabaki na chenji. Maduka mengi yanapima kwa kilo. Usikubali fundi akununulishe mfuko mzima kwa kazi ya mlango mmoja, labda kama kuna banda la kuku unataka kulisakafia.

Vifaa: nyundo na tindo, mwiko, kibao cha kusugulia, mbao iliyonyooka ya kama mita moja na nusu, pima maji, brashi ya waya, brashi ya kupakia, karai, ndoo, msumari. Fito mbili tatu za mbao zenye unene wa milimita nane mpaka kumi. Hizi ndizo siri ya kazi. Na glavu. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole, unagundua usiku. Vaa miwani unapochonga na unaporusha.

Chagua saa

Miezi mizuri ni Mei na Juni, mvua zikishakatika na ukuta bado una ubaridi. Julai mpaka Septemba kazi inafanyika, ila kusi linakausha lipu kama linavyokausha nguo, utamwagilia mpaka uchoke. Kama huna budi kufanya Desemba, tafuta turubai na ulifunge juu ya linta kabla hujaanza kuchonga, usingoje wingu.

Siku yenyewe, fuata kivuli. Mlango unaotazama mashariki upige lipu mchana baada ya jua kuvuka paa. Unaotazama magharibi upige asubuhi. Lipu iliyopigwa na jua la saa sita ikiwa na saa moja ya umri hutoa nyufa za utando wa buibui, na hakuna dawa ila kuirudia.

Hatua ya kwanza: hakikisha fremu imeshikwa

Shika mwimo kwa mikono miwili, usukume na kuuvuta. Funga mlango kwa nguvu mara tatu huku umeweka kiganja ukutani. Ukisikia mtikisiko, lipu haitautibu. Fremu ishikwe kwa vishikizo vya chuma au skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali, angalau sehemu tatu kila upande: moja karibu na bawaba ya juu, moja karibu na ya chini, moja katikati. Mpigie seremala arudi. Weka na timazi au pima maji wakati huo huo, maana ukishapiga lipu fremu iliyopinda imepinda milele.

Kama nyufa zinaanzia kwenye kona ya juu ya mlango na kukata mshazari ndani ya tofali zenyewe, na sarafu inaingia kwenye ufa, simama. Hiyo ni linta. Linta inatakiwa ilalie ukuta angalau sentimita 15 kila upande. Mafundi wengine wanapanua uwazi ili mlango mpana uingie na kuiacha linta ikilalia sentimita tano. Hapo kazi si ya lipu tena.

Hatua ya pili: gonga, chonga, safisha

Gonga lipu ya zamani kuzunguka mlango kwa kitako cha nyundo, taratibu, ukisogea nje sentimita kumi kumi. Inayolia nzito iko salama. Inayolia tupu imeachana na tofali hata kama kwa macho ni nzima. Chora mstari wa penseli nje ya sehemu zote tupu, kisha ongeza vidole viwili.

Kata kwenye mstari kwa tindo, makali yakiwa yamenyooka. Usiache ukingo unaoteremka polepole kama ufukwe. Lipu mpya haiwezi kuishia unene wa karatasi, itamenyuka. Ukingo uwe wima, au vizuri zaidi uingie ndani kidogo kwa chini, ili lipu mpya ijifungie. Toa kila kitu kilicholegea. Vuta mabaki ya karatasi, nailoni, vipande vya mbao alivyotumia seremala kubania fremu, na maboksi. Piga brashi ya waya. Tofali zikiwa na uso wa kuteleza zitoboe vidoa kwa ncha ya tindo ili udongo upate pa kung'ang'ania.

Ukimaliza, funika mlango wenyewe. Nailoni na tepu ya karatasi. Mlango wa alumini ufunike mara mbili: tone la saruji likikaukia juu yake huacha doa la kijivu ambalo halitoki.

Hatua ya tatu: mgongo wa fremu

Hii watu wengi wanairuka. Fremu ya mbao ipakwe dawa ya mchwa upande unaotazama ukuta. Huku wengi hutumia oili chafu. Mimi siipendi, na sababu si ya kitabuni: oili inapanda ndani ya lipu, mwezi wa pili unaona michirizi ya kahawia, na silikoni utakayozibia baadaye haishiki pale ilipopita. Kama ulishaipaka, iache ikauke kabisa na ufute uso wa fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Kama hujapaka, nunua dawa ya mbao ya dukani, kopo dogo linatosha milango miwili.

Fremu ya chuma ipigwe msasa palipochubuka na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa chini, kwenye futi moja ya mwisho. Chuma kikifukiwa kwenye lipu bila rangi, kwa hewa yetu ya chumvi, kutu itavimba na kuipasua lipu kutoka ndani.

Hatua ya nne: jaza tundu

Lowesha nafasi kati ya fremu na tofali. Changanya saruji moja kwa mchanga nne, kavu kidogo, wa kukandamiza. Nafasi ya chini ya sentimita tatu isukume kwa ubapa wa fito mpaka usikie imegota. Ikiwa pana zaidi, ingiza vipande vya tofali vilivyoloweshwa pamoja na udongo, si udongo mtupu, maana utasinyaa. Jaza kuanzia chini kwenda juu. Juu ya fremu, chini ya linta, ndipo pagumu: usukume kidogo kidogo, ukiangalia unyevu usiangushe ulichoweka.

Ipo ile povu ya kopo inayovimba. Inajaza vizuri na inafaa, lakini jua huila. Ukiitumia, subiri ikauke, ikate irudi ndani sentimita mbili, ndipo lipu ifunike. Na usiipulize kwa pupa. Nimeona imesukuma mwimo mpaka mlango ukakataa kufunga.

Uache ulale mpaka asubuhi.

Hatua ya tano: fito, wavu, tabaka la kwanza

Asubuhi yake bandika fito kuzunguka fremu yote, mahali lipu itakapokutana na mbao. Zizungushie nailoni au zipake sabuni ili zitoke. Zinaweka nafasi ya milimita nane mpaka kumi kati ya saruji na fremu. Ndiyo nafasi ya kuchezea ya ule mninga wako.

Kwenye kona mbili za juu, pigilia vipande vya wavu wa banda la kuku, mraba wa kama sentimita 30, vilale mshazari. Kona ndizo hupasuka kwanza. Chagua wavu usio na kutu, na ufunikwe na lipu yote, usichungulie.

Lowesha ukuta. Si kumwaga maji ukaanza. Lowesha, ngoja dakika kumi, lowesha tena. Ukigusa kwa kiganja uhisi ubaridi lakini kiganja kisitoke na maji. Tofali kavu hunywa maji ya udongo wako kabla saruji haijashika, na lipu hubaki mchanga ulioshikana kwa heshima tu.

Mchanganyiko wa lipu ni saruji moja kwa mchanga tano, kwa kipimo cha kopo au ndoo, si kwa chepe. Chepe la saruji na chepe la mchanga havilingani, na mkono ukichoka ndiyo kabisa. Geuza ukavu mara mbili tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji. Ukilifinyanga tonge libaki tonge, bila kuvujia vidoleni. Changanya kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Ukiona limeanza kukaza, usilifufue kwa maji. Litupe kwenye shimo la njiani, linafaa hapo.

Koroga uji wa saruji, mzito kama uji wa mtoto, upake kwa brashi kwenye tofali na kwenye ukingo wa lipu ya zamani. Paka eneo dogo tu, na urushe lipu juu yake kabla uji haujakauka. Uji uliokauka ni kioo, hakishiki kitu. Gundi nyeupe ya mbao ambayo wengine huchanganya humo haifai nje. Ikilowa inarudi kuwa gundi.

Sasa rusha. Mwiko uwe nusu, kifundo cha mkono kilegee, udongo upige ukuta kwa kishindo. Kupaka kwa kukandamiza peke yake kunaacha hewa nyuma. Unene wa tabaka hili uwe milimita kumi hivi. Likianza kukaza, lichore mistari ya mawimbi kwa msumari. Liache mpaka kesho, na ulinyunyizie maji jioni.

Hatua ya sita: tabaka la mwisho

Nyunyiza maji, rusha tena milimita kumi au kasoro, kisha chukua mbao iliyonyooka. Upande mmoja ulalie lipu ya zamani, mwingine ulalie fito, na uiburute kwa kuchezesha kama unakata kwa msumeno. Ukuta mpya utalingana na wa zamani wenyewe. Palipo na shimo ongeza, buruta tena.

Ngoja. Hapa ndipo wasio mafundi huharibu, wanasugua mapema. Bonyeza kwa kidole: kikiacha alama lakini hakitoki na udongo, chukua kibao, sugua kwa mduara ukinyunyiza maji kwa brashi. Maungio ya lipu mpya na ya zamani yapitie kwa brashi mbichi ili mstari upotee. Usipige niru nje kwa sababu tu inang'aa. Ile ngozi ya saruji tupu ndiyo ya kwanza kupasuka juani.

Chini ya linta, upande wa nje, chora mfereji mdogo kwa ncha ya mwiko na fito, upana wa kidole, sentimita mbili na nusu kutoka ukingoni. Tone la mvua likifika pale linakatika na kudondoka badala ya kutambaa mpaka kichwani mwa fremu. Kazi ya dakika tano. Sijui kwa nini imeachwa. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa nayo kwa namna fulani.

Kwa chini, usiishushe lipu mpaka kwenye udongo. Ikomee sentimita 15 hivi juu ya ardhi, au kwenye msingi wa zege, vinginevyo itanyonya maji kama utambi. Na pale miimo inapokutana na baraza, usiizungushie kikombe cha saruji. Kinashika maji na mguu wa mwimo unaoza ukiwa umesimama. Baraza literemke kwenda nje.

Toa fito kesho yake, kwa kuzichezesha, si kwa kuzing'oa.

Maji kwa siku saba

Kuanzia asubuhi inayofuata nyunyizia mara tatu kwa siku, siku saba. Nyepesi, kwa brashi au chupa iliyotobolewa, si kwa bomba. Njia yangu ni gunia la korosho lililooshwa: lilowe, litundike kwa misumari juu ya linta ligawanyike pande mbili, na uliloweshe kila likikauka. Linazuia jua na kusi kwa pamoja. Watoto wakikuuliza mlango unaumwa nini, waambie una homa.

Kuziba mfereji, halafu rangi

Subiri wiki tatu, lipu ikauke ndani. Ule mfereji ulioachwa na fito kati ya fremu na lipu usafishe kwa brashi kavu. Tumbukiza chini yake ukanda wa sponji, ili kiziba (silikoni au akriliki ya kukamua) kishike kuta mbili tu na kuweza kunyooka. Kisha kamua. Silikoni ile inayonuka siki haielewani na saruji, itabanduka, omba isiyonuka. Kumbuka pia kuwa silikoni haishiki rangi. Ukitaka kupaka rangi juu, nunua kiziba cha akriliki au cha polyuretani kilichoandikwa kuwa ni cha nje. Lainisha kwa kidole kilichochovywa maji ya sabuni, mkupuo mmoja kutoka juu hadi chini.

Rangi ije baada ya wiki nne. Lipu changa bado ina ukali unaokula rangi, hasa ya mafuta. Ukiona unga mweupe, ufute kwa brashi kavu. Ukiuosha unaurudisha ndani.

Kuta za matumbawe

Niliwahi kupeleka mfuko wa saruji kwa bibi mmoja Mikindani, mlango wake wa nje umebadilishwa, kuta zile nene za mawe na chokaa. Aliutazama mfuko, akaniambia, "Mjukuu wangu, ukuta huu unapumua. Wewe umekuja kuuziba pua." Nilicheka, lakini upande wa pili wa nyumba alinionyesha alipozibwa: saruji ya kijivu, na pembeni yake chokaa ya zamani imegeuka unga, mawe yanatoka kwa kidole. Maji yaliyozoea kutokea kwenye lipu yalikosa njia, yakatokea pembeni.

Kwenye ukuta wa hivyo tumia chokaa moja kwa mchanga tatu. Chokaa ya mfuko iloweke kwenye maji usiku kucha au zaidi, mpaka iwe kama siagi, ndipo uchanganye. Jikinge macho, maana chokaa ni kali. Matabaka yawe ya milimita nane mpaka kumi, na kati ya tabaka na tabaka uache siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukazwa na hewa, haikazwi na maji. Iwekee kivuli na uinyunyizie ukungu wa maji, isikauke kwa haraka. Fito na mfereji ni vilevile. Mwisho paka maji ya chokaa mara tatu nne, nyembamba, badala ya rangi ya plastiki.

Mvua ya kwanza

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, hasa ile inayokuja na upepo wa kaskazi, toka ukautazame mlango ukiwa bado umelowa. Pitisha kidole ndani ya nyumba, kwenye pembe mbili za juu za fremu, halafu kwenye miguu ya miimo. Pembe ya juu ikiwa mbichi, angalia mfereji wa chini ya linta, mara nyingi umezibwa na rangi. Mguu ukiwa mbichi, angalia baraza linateremkia wapi. Katikati ya mwimo pakiwa pabichi, kiziba kimeachia mahali. Kata kipande hicho kwa wembe, kausha siku mbili, kamua upya. Lipu yenyewe usiiguse.